Kumficha Mwenzi Wako Baiskeli ya Bei Mbaya: Mwongozo Kamili

Wengi wanaoumbuka nyumbani kwa ajili ya baiskeli huponzwa na vitu vinavyoizunguka: boksi lililosahaulika nyuma ya mlango, ujumbe wa benki ulioingia mkiwa mezani, mlio wa habu (kitovu cha gurudumu), rafiki mwenye mdomo mwepesi. Baiskeli yenyewe, kwa asiyeijua, ni magurudumu mawili na kiti. Mtu anaweza kuipita fremu ya kaboni yenye thamani ya gari kuukuu kila asubuhi, mwaka mzima, na asishtuke.

Mwongozo huu nimemwandikia yule ambaye mwenzi wake hatamfukuza kwa sababu ya baiskeli, ila yeye mwenyewe hana hamu ya kikao cha saa nzima kueleza kwa nini kupunguza gramu mia tatu kumegharimu pesa zote zile. Kama kwenu hali ni nzito kuliko hapo, baiskeli isubiri.

Hatua ya kwanza: pesa ni ya nani?

Kuna pesa ya mfukoni mwako, ambayo mlishakubaliana kwamba hakuna wa kumuuliza mwenzake. Kuna pesa ya nyumba. Kuna pesa ya mkopo. Yanayofuata hapa yanaihusu ile ya kwanza tu. Ukigusa ya nyumba umeiba, hakuna jina lingine la tendo hilo. Na mkopo haufichiki hata ukitaka: makato yanarudi kila mwezi, na kila mwezi itabidi utunge hadithi mpya inayolingana na ya mwezi uliopita.

Njia ninayoiamini ni baiskeli ijilishe yenyewe. Kila mwendesha baiskeli wa miaka kadhaa ana droo au kona yenye vitu alivyovivua: magurudumu ya awali, kranki (mikono inayoshika pedali) ya urefu usiomfaa, viti vitatu vilivyomuumiza, kompyuta ya zamani ya kupimia mwendo. Viuze kwanza, pesa yake uiweke mbali na pesa nyingine, kisha nunua kwa hiyo. Nyumba haioni pengo lolote, na idadi ya vitu vilivyotoka inakaribiana na ya vilivyoingia. Ukiulizwa, jibu lako ni la kweli: "Nimeuza yale magurudumu ya zamani, nikachukua haya."

Hatua ya pili: chagua kitu kisichoonekana

Hapa ndipo penye elimu, na ndipo wengi wanapokosea kwa sababu wanafuata macho yao badala ya macho ya mwenzi wao. Jicho la nyumbani linaona mambo matatu: idadi ya baiskeli, rangi, na umbo lisilo la kawaida. Haliijui bei.

Tuanze na idadi. Waendesha baiskeli wana kanuni yao ya mzaha: idadi sahihi ya baiskeli ni n+1, n ikiwa ni zile ulizo nazo sasa. Kanuni hiyo ina sehemu ya pili ambayo wengi huiruka: idadi hiyohiyo ni s−1, s ikiwa ni idadi ambayo mwenzi wako akiiona anafungasha mizigo. Kwa hiyo usiongeze. Badilisha. Baiskeli mbili zikiwa bado mbili, hata moja ikiwa si ile ya jana, utulivu unadumu.

Njia tulivu kuliko zote ni kununua vipande. Pedali zenye mita ya nguvu, yaani kipimo cha nguvu unayokanyagia, ndizo malkia wa siri: kwa umbo ni pedali, kwa rangi ni nyeusi, kwa bei zinaweza kuizidi baiskeli nzima ya kawaida. Mita iliyobandikwa upande wa ndani wa mkono wa kranki haionekani mpaka mtu apige magoti. Beringi za seramiki zimo ndani kabisa, hata wewe mwenyewe huzioni (kama utazihisi miguuni ni mjadala mwingine, na mimi siko upande wa wauzaji). Tyubu za plastiki nyepesi, zile za TPU, zimo ndani ya tairi, na kinachoweza kukusaliti ni rangi ya vali tu.

Kwenye gia, habari ni njema. Ngazi ya juu ya gia za kampuni ya Shimano, Dura-Ace, na ile inayoifuata, Ultegra, zote zina gia 12 nyuma, zote za umeme, zote za rangi nyeusi. Tofauti kubwa ni uzito na bei. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine hakuna atakayejua asiposoma maandishi. Ukihama kutoka gia za waya kwenda za umeme, kumbuka mambo mawili. Zinatoa mlio mfupi wa mota kila unapobadilisha. Na zinahitaji chaji: za Shimano za kizazi hiki huchomekewa waya kwenye diraila ya nyuma (kifaa kinachohamisha cheni), baiskeli ikiwa imesimama mahali pake, lakini za mshindani wake, SRAM, betri huchomolewa na kuwekwa kwenye kitako cha kuchajia chenye taa. Kitako hicho kikikaa sebuleni kitaulizwa ni cha nini.

Magurudumu ya kaboni ni ya hatari zaidi kwa sababu ya kimo cha ringi. Ringi ya milimita 60 inaonekana toka mbali na hakuna maelezo yatakayoifanya ionekane ya kawaida. Ya milimita 30, nyeusi isiyong'aa, inafanana na ya alumini. Kama unaishi kwenye milima ndiyo inayokufaa hata hivyo.

Fremu sasa. Ukibadilisha fremu, chukua rangi ileile ya zamani, au nyeusi, na uhamishie kila kitu kinachoguswa: kiti kilekile, utepe uleule wa usukani, kengele ileile. Mtu huitambua baiskeli kwa kiti na usukani, kwa sababu ndivyo vinavyokuwa kwenye usawa wa macho ikiwa imeegeshwa.

Ila mwenye subira na ladha nampeleka kwenye titani au feleji. Titani mara nyingi haipakwi rangi. Inabaki kijivu, haishiki kutu, na asiyejua hudhani ni chuma kitupu ambacho mtengenezaji alichoka kabla ya kukimaliza. Feleji ina mirija myembamba, na macho ya leo yamezoea kwamba wembamba maana yake ni ukale. Mirija ya Reynolds 531 ilianza kuuzwa 1935, na fremu ya feleji iliyochomelewa leo kwa mkono, kwa vipimo vya mwili wako, inaweza kufanana nayo kabisa huku ikiizidi bei fremu ya kaboni ya kiwandani. Umenunua kitu cha thamani kubwa na kila mtu nyumbani anaamini ni baiskeli ya babu.

Kuna tahadhari mbili za ununuzi wa vipande. Baiskeli iliyojengwa kipande kwa kipande karibu kila mara huwa ghali kuliko ileile ikinunuliwa nzima, kwa sababu kiwanda hununua vifaa kwa jumla na wewe kwa rejareja. Hiyo ndiyo kodi ya usiri. Ya pili: kipande kisichoingiana kitarudishwa, na kurudisha maana yake ni boksi lingine mlangoni. Kabla ya kulipa, jua ekseli zako (baiskeli nyingi za barabarani za breki za diski ni milimita 12 kwa 100 mbele na 12 kwa 142 nyuma), kipenyo cha nguzo ya kiti (27.2, 30.9 na 31.6 ndivyo utakavyokutana navyo mara nyingi), aina ya mwili wa friwili (sehemu ya habu inayobeba kaseti, yaani meno ya gia za nyuma), maana kaseti ya Shimano na ya SRAM za daraja la juu haziingii mahali pamoja, na aina ya kikombe cha beringi za kranki. Vipimo vya namna hii viandike kwenye simu yako na ubaki navyo.

Hatua ya tatu: kuileta nyumbani

Boksi la baiskeli nzima lina urefu unaokaribia mita moja na nusu na limeandikwa jina la kampuni pande zote. Hakuna jinsi ya kulipitisha. Lisifike nyumbani. Pokelea kazini, au bora zaidi kwenye karakana ya fundi, umlipe akuundie, kisha uje umeipanda kama mtu anayetoka mazoezini. Mwombe pia alitunze boksi kwa wiki chache: wauzaji wengi hawapokei bidhaa iliyorudishwa bila boksi lake, na mgonjwa wa siri huwa na haraka ya kulichoma moto.

Kitu kilichoagizwa nje ya nchi kinaweza kusimamishwa forodhani, na wa forodha au wa usafirishaji atapiga simu kwenye namba iliyoandikwa kwenye mzigo. Hakikisha ni yako, na si ile ya nyumbani uliyoijaza kwa mazoea. Barua pepe mnayotumia pamoja isihusike kabisa. Ukitafuta bei kwenye kompyuta ya familia, matangazo ya baiskeli yatamfuata kila atakayeketi hapo baada yako; tafuta kwenye simu yako. Arifa za benki ziangalie zinaingia kwenye namba ya nani.

Ununuzi wa mtumba unatatua nusu ya haya yote. Haina boksi, haina karatasi za plastiki, imeshakwaruzika. Lakini geuza baiskeli uangalie namba ya fremu, ambayo kwa kawaida imechongwa chini ya kranki, na udai risiti ya mwanzo. Anayekwepa maswali hayo anauza mali ya mtu, na utaificha nyumbani kwako ukikimbia mwenzi, kumbe ulipaswa kukimbia polisi.

Usiiunde usiku gizani kwa haraka. Hili silisemi kwa mzaha. Nati za usukani na za nguzo ya kiti kwenye kaboni hukazwa kwa niutoni-mita chache tu, mara nyingi kati ya 4 na 6, na kiwango kimechapwa kwenye kifaa chenyewe. Ukizidisha, kaboni inapasuka ndani bila wewe kuona. Ukipunguza, usukani unazunguka mkononi kwenye mteremko. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza si ghali ukilinganisha na ulichokinunua, na kaboni hupakwa pasta yake ya kuzuia kuteleza badala ya grisi.

Hatua ya nne: iondolee upya

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na baiskeli mpya kamba zake ni nyingi.

Anza na matairi. Tairi jipya lina vinywele vya mpira pembeni na katikati, vilivyoachwa na matundu ya hewa ya kalibu. Vya katikati vinaisha safari ya kwanza. Vya pembeni vinaweza kukaa miezi. Vikate kwa mkasi au vichune kwa vidole. Kisha ng'oa sahani ya plastiki nyuma ya kaseti kama ipo, vibandiko vya onyo, lebo za usukani, na vile vipande vya povu ambavyo hubaki vimenata chini ya fremu.

Breki za diski zikiwa mpya hupiga kelele na hazishiki vizuri mpaka zizoeshwe: pata mwendo, finya kwa nguvu bila kufunga gurudumu mpaka ukaribie kusimama, achia, rudia mara ishirini hivi kwa kila breki. Fanya hivyo mbali na nyumbani. Mtaa mzima hutoka kuangalia breki mpya zinapolia.

Kuna wanaoipaka baiskeli mafuta machafu ili ionekane chakavu. Usithubutu. Tone moja la mafuta kwenye diski likifika kwenye pedi, pedi zimekwisha. Ikibidi uchafu, matope ya kawaida yanatosha, nayo yanapatikana bure kila mvua inaponyesha.

Maandishi makubwa ya kampuni kwenye ringi mara nyingi ni vibandiko tu. Vipashe joto kwa kikaushio cha nywele, joto la wastani, uvichune polepole. Vilivyo chini ya vanishi viache, ukivikwangua utaharibu kifaa. Na namba ya fremu isiguswe kwa hali yoyote. Bila hiyo huna dhamana, huna bima, na siku ya kuuza utaonekana mwizi.

Kisha mlio. Ukiacha kukanyaga, vijino vidogo ndani ya friwili huruka juu ya meno ya pete iliyomo humohumo, na ndiyo ile tiktik inayosikika. Habu za bei ya juu huwa na meno mengi ili ziitike upesi, kwa hiyo hulia kwa kasi na kwa sauti nyembamba. Za kampuni ya Chris King zinafahamika duniani kote kwa kuvuma kama nyuki. Unaweza kutuliza habu kwa kuongeza grisi nyepesi ndani yake, ile iliyopendekezwa na mtengenezaji. Ukiweka nzito, vijino vinanata, vinachelewa kushika, na siku moja utakanyaga kwa nguvu mguu uende patupu. Wanaotaka kimya cha kweli kuna habu kama za Onyx, zinazoshika kwa vipande vya kujibana badala ya vijino, hazisikiki kabisa. Bei yake nayo inafaa isisikike.

La mwisho ni uzito. Baiskeli ya kawaida ya mjini ina kilo 12 na kuendelea. Ya mashindano inaweza kukaribia kilo 6.8, kiwango cha chini ambacho shirikisho la baiskeli duniani, UCI, limekishikilia tangu 2000. Mwenzi wako akiisogeza ili afagie, mkono wake utajua kabla ya macho. Kwa hiyo ikiwa nyumbani, iache na chupa mbili zilizojaa maji, mkoba wa zana chini ya kiti, na mnyororo wa kufuli umezungushwa kwenye nguzo ya kiti. Chupa mbili za mililita 750 peke yake ni kilo moja na nusu.

Hatua ya tano: simu na marafiki

Strava, programu ya simu ya kurekodi mazoezi, ina orodha ya vifaa, na kila safari inaweza kuonyesha jina la baiskeli uliyopanda. Watu hujificha mwezi mzima halafu wanaandika jina kamili la fremu pale, lionekane na kila anayewafuata. Ipe jina lisilosema kitu: "Nyeusi" inatosha. Picha nazo ziangalie kama zinapanda zenyewe kwenye hifadhi ya familia.

Marafiki ni kazi ngumu zaidi. Anayekuja kukuchukua Jumapili alfajiri, akaisimamia baiskeli na kusema "Hongera, mashine hiyo!" amemaliza kazi yako yote kwa maneno matatu. Waonye mapema, mmoja mmoja. Watoto usiwaonye, utakuwa umewapa habari ya kupeleka.

Hatua ya sita: mdomo wako

Hapa msimamo wangu ni mmoja. Kutosema na kusema uongo ni vitu viwili, na mwongozo huu unaishia kwenye cha kwanza. "Nimebadilisha magurudumu" ni kweli. "Nimepewa na rafiki" ni uongo, na utabidi umfundishe rafiki, kisha mke wa rafiki. "Nilipata kwa nusu bei" ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu mwenzi mwenye akili atauliza ni duka gani hilo, naye ana vitu vya kununua.

Ukiulizwa bei moja kwa moja, itaje. Itaje yote, kwa namba, na useme pesa ilitoka wapi. Kama uliifuata hatua ya kwanza una cha kusema. Siku za mwizi ni arobaini, na mwenye siri hana hata hizo akianza kupunguza namba.

Na jichunge mwenyewe. Hakuna anayeosha cheni ya zamani kwa mswaki mara tatu kwa wiki. Hakuna anayeiingiza chumbani baiskeli iliyolala nje miaka minne. Ukijikuta umesimama na kikombe mkononi ukiitazama tu, ondoka hapo.

Hatua ya saba: bahasha

Hii ndiyo hatua wanayoiruka karibu wote. Bima hulipa kwa thamani uliyoitaja na kuithibitisha, hivyo baiskeli uliyoikatia bima kwa bei ya uongo ikiibiwa, utalipwa bei ya uongo. Na ule utani wa zamani wa waendesha baiskeli, kwamba hofu yao kubwa ni kufa na mjane akaziuza baiskeli kwa bei aliyoambiwa, ni jambo linaloweza kutokea kweli.

Kwa hiyo andika. Kwa kila kitu: jina kamili, namba ya fremu, tarehe ya kununua, bei halisi, risiti, picha ya pande zote mbili. Weka kwenye bahasha iliyofungwa, pamoja na hati zenu nyingine muhimu, au umwachie mtu mmoja mnayemwamini wote wawili. Ongeza maelezo mafupi ya kuuzia: magurudumu yauzwe mbali na fremu, pedali zenye mita zisiuzwe pamoja na baiskeli kwa bahati mbaya, kaseti ya ziada iko droo ya chini. Na uandike kwa herufi kubwa kwamba asiuziwe rafiki yeyote wa mazoezini atakayekuja wiki ya kwanza ya msiba akisema yuko tayari kuwapunguzia mzigo wa ile baiskeli nyeusi kuukuu.